Shahidi yuko kwenye skrini, je chumbani yuko na nani?

Wadau naomba tulijadili hili la mashahidi kutoa ushahidi kwa video kwenye kesi za jinai, maana wengi naona wanalishabikia kwa hoja ya kuokoa nauli na muda basi. Kesi ya madai sawa, watu wanagombania hela, ila huku kuna mtu akitoka hapo anaenda jela miaka na miaka.

Sipingi yote. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono ukimkalisha mbele ya aliyemfanyia unamuumiza upya, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalikubali hilo mwaka 1990 kwenye kesi ya Maryland dhidi ya Craig, japo majaji waligawanyika 5 kwa 4. Lakini angalieni utaratibu wenyewe: mtoto anakaa chumba kingine na mwendesha mashtaka NA wakili wa utetezi wote wawili wapo humo humo, mshtakiwa anabaki mahakamani anaangalia kwenye TV. Na lazima jaji ajiridhishe kwanza kwamba mtoto huyu, huyu huyu, ataumia akimwona mshtakiwa.

Sasa linganisha na mtu mzima anayesema "nilimwona kwa macho yangu" huku yuko kwenye laptop sijui wapi. Kamera inaonyesha uso na mabega tu. Mikono iko wapi? Simu je? Nyuma ya laptop kasimama nani? Wakili anambana kwa swali zito, mara mtandao unaganda, "sikukusikia, rudia swali", tayari kapata sekunde kumi za kutunga jibu. Angekuwa kizimbani kusita kule kila mtu angekuona.

Mtaniambia hata ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wanaruhusu video. Kweli, ibara ya 69(2) ya Mkataba wa Roma ulioianzisha mahakama hiyo ipo, ila hiyo hiyo inasema haki za mshtakiwa zisiathirike.

Kwa shahidi anayetishiwa kuuawa nakubali video kabisa, ila akae kwenye jengo la mahakama nyingine, afisa wa mahakama awe naye, kamera ya pili ionyeshe chumba kizima, na utetezi uruhusiwe kuweka mtu wake humo. Kama hayo hayawezekani basi kesi iahirishwe mpaka yawezekane, hata kama mafaili yanarundikana. Anayeona namuonea shahidi aje na hoja, nipo.