Tupeane uzoefu: printa imekukatalia wino ulionunua kwa hela yako, ulifanyaje?

KopiMiaMoja (mwanzisha uzi)

Habari za mida hii wakuu.

Nina kisteshenari changu hapa Morogoro jirani na chuo, kopi, kuprinti, laminesheni, hayo hayo mnayoyajua. Printa yangu ni ya leza, nyeusi tupu, niliinunua mpya mwaka juzi na risiti ninayo mpaka leo. Tona (katriji ya wino wa unga) iliyokuja nayo iliisha haraka mpaka nikadhani nimepigwa, kumbe zile za kwenye boksi zinawekwa unga kidogo tu, basi toka hapo natumia zile za Kariakoo za elfu 40 maana orijino ni laki mbili na kitu, na mimi kopi moja nauza shilingi 100, piga hesabu mwenyewe.

Sasa sikieni. Ijumaa nimefunga duka mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Jumapili mdogo wangu akaja kuprinti kadi za mchango wa sendoff, akaona uvivu kuwasha kompyuta akaiunganisha printa na wai-fai ili atume kwa simu, akatoa kadi zake akaondoka. Jumatatu asubuhi wanafunzi wa fildi wamejaa mpaka barazani na ripoti zao kwenye flashi, mi nawasha, taa ya chungwa. Nikatoa tona nikaitikisa nikarudisha, chungwa. Nikafuta vile vishaba vya chipu kwa kitambaa, chungwa. Kompyuta inaniandikia kwamba tona hii ina chipu ambayo sio ya kampuni, weka ya kampuni. Tona ILE ILE ya Ijumaa! Imeshatoa kopi zaidi ya elfu moja humo humo ndani, leo ndo hamjuani?

Kampuni siitaji, sitaki maneno. Ila nataka kujua ni mimi peke yangu au mko wengi. Yaliyowakuta mwageni hapa, na mwenye dawa asiniache maana wateja wamehamia kwa jirani.

FundiWaRola

Pole mkuu. Mdogo wako hana hatia ila ndo yeye. Alipoiunganisha na wai-fai printa ikapata njia ya kwenda kwao, ikajipakulia apdeti, yaani programu mpya ya kuiendesha, usiku umelala.

Ile chipu ndogo kama ukucha iliyobandikwa ubavuni mwa tona kazi yake sio kuhesabu kurasa tu. Ukiwasha mashine inaiuliza chipu neno la siri, chipu inajibu. Waliotengeneza tona yako ya elfu 40 walishalijua neno la zamani wakalikopi. Apdeti ikija inabadilisha neno, kama askari wa getini aliyebadilishiwa usiku, asubuhi unakuja na lile la jana anakwambia sikujui. Unga haujabadilika, dramu ile inayobandika unga kwenye karatasi haijabadilika.

Na wala sio jambo la leo. Kesi iliyojulikana zaidi ni ya kampuni ya printa ya HP, apdeti iliingia kwenye printa za watu ikakaa kimya miezi kadhaa, ikaja kuamka tarehe 13 Septemba 2016, watu nchi mbalimbali wakaamka siku moja katriji zao zimekataliwa. Wengine wakadhani zimekufa wakanunua mpya. Kelele zikawa kubwa, kule Marekani ikaishia kwa HP kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi huku wakisema hawana kosa, na Italia mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ikawapiga faini ya euro milioni 10, hoja ikiwa kwamba mnunuzi hakuelezwa wazi dukani kuwa printa itachagua katriji. Kwenye boksi maandishi siku hizi yapo. Nani anayasoma ni jambo jingine.

Swali kwako mkuu, lile ganda la tona orijino ya kwanza bado unalo au ulishatupa?

MwalimuZamu

Mi yangu ilinikuta shuleni, mkoa wa Tabora, na nilitumia ORIJINO kwahiyo msidhani mkinunua orijino mmepona.

Tulikuwa na printa mbili pacha za wino, moja ofisi ya taaluma moja ya uhasibu. Usiku wa kuamkia mock, saa nne, jenereta linanguruma, ya taaluma ikang'ata karatasi ikagoma kabisa, kuna kitu ndani kimekatika. Nikasema hakuna shida, ya uhasibu ipo ila haina wino mweusi, natoa katriji huku naweka kule, mashine ni zile zile, katriji namba zile zile, nilizinunua mwenyewe siku moja duka moja. Naweka, inaniambia katriji hii imelindwa, ni mali ya printa nyingine. Nikarudia kama mara sita hivi, mkuu wa shule kasimama nyuma yangu na tochi.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba siku ya kwanza wakati wa kuinstoo kuna mahali inakuuliza kama unataka katriji zako zilindwe, na wewe unabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo ili umalize ukalale. Ukishakubali kila katriji unayoweka inaoana na mashine ile mpaka kifo. Iliniuma maana wino ulikuwa umejaa, unausikia ukiitikisa.

Sehemu C tuliiandika ubaoni.

MzeeWaVyeti

Naomba nipinge kidogo, tuwe wakweli humu.

Mimi nilitumia hizo za bei poa miaka mitatu nikasifia kweli kweli. Sasa mwaka mmoja nikapata kazi ya vyeti vya mahafali ya chekechea, karatasi ngumu nzuri, nikaprinti jioni nikafunga kwenye bahasha sikukagua. Kesho yake mama mwenye shule ananipigia analia, kila cheti kina mstari mweusi umekatiza juu ya jina la mtoto, kila kimoja, kama vile wamefutwa jina. Kufungua mashine, tona imepasuka mdomo, unga umemwagika mpaka kwenye rola, mikono yangu ilikuwa nyeusi siku mbili. Nilirudia kazi yote kwa hela yangu na dramu nikabadilisha.

Kwahiyo mtengenezaji akisema anajikinga na takataka simlaumu asilimia mia. Halafu tona ya kujazwa ikikukorofisha unaenda kumlaumu yeye na mashine yake.

FundiWaRola

Mzee hapo una haki, takataka zipo, na mbaya kuliko zote ni zile feki zinazouzwa kwenye boksi la orijino na stika inayong'aa, hizo unalipa bei ya orijino unapewa vumbi. Ila angalia, tona mbovu inapasuka mdomo, haipasuki chipu. Chipu haipimi ubora wa unga hata siku moja, inaangalia tu mwenyewe ni nani. Tona nzuri ya kampuni nyingine inakataliwa sawasawa na mbovu.

Na kuna kituko nikikumbuka huwa nacheka peke yangu. Mwaka 2022 chipu ziliadimika duniani, Canon, nao watengeneza printa, wakajikuta hawana za kuweka kwenye tona zao wenyewe za mashine za ofisini, wakaziuza bila chipu. Mashine zao zikaanza kuwaambia wateja kuwa tona hii sio halali, na kampuni ikabidi itoe maelekezo ya jinsi ya kuupita ujumbe wao wenyewe, bonyeza hapa, puuza hapa, endelea. Na zikaprinti, kilichopungua ni kujua tona imebaki kiasi gani.

Mdau_wa_Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, kakangu yupo Maskat, alipokuja likizo akaniletea printa ya rangi nzuri, nkaitumia hadi wino ukesha. Nkaagiza Dar, orijino wallahi, boksi lake, stika yake, bei yake ya kukutoa jasho. Naitia, haitaki. Nkamrudishia muuzaji tukatoleana maneno, mie namwambia feki yeye ananiapia kwa mama yake kuwa ni orijino.

Kumbe alikuwa mkweli maskini. Kuna kampuni zimegawa dunia vipande, printa ya upande ule inataka katriji ya upande ule, ya kwetu imewekewa namba nyingine ijapokuwa ukiziweka sambamba huzijui ipi ni ipi, kampuni ile ile, plastiki ile ile. Ndo ikawa kila anayetoka Maskat namuombea aniletee wino, mara akija na halua na udi sisi tunauliza wino uko wapi. Yule muuzaji nilimpigia kumuomba radhi, akanambia ungeniuliza printa imetoka wapi ningekwambia mapema.

Kwahiyo unaponunuliwa printa na ndugu Dubai au Ulaya ulizia wino wake kwanza.

CyberYaKitengela

Niaje wadau, mimi ni wa cyber hapa Kitengela. Yangu ni fupi. Mzee mmoja alikuja na fomu ya basari ya mtoto, nyeusi tupu, kurasa nne, deadline ni hiyo siku saa kumi. Printa inakataa ati wino wa manjano umeisha. Manjano! Fomu haina hata doa la manjano! Niliweka katriji ya kujazwa ya manjano nikiwa nayo hapo, ikakataa hiyo pia. Ikabidi nimpeleke mzee kwa ule jamaa wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye tunapiganianga wateja, na akanicheka mbele ya mteja.

Siku hizi niko na ile ya matangi, unamimina wino wa chupa tu, hakuna chipu hakuna maneno. Ndio nawashauri.

FundiWaRola

Ya matangi ni nzuri sikatai, ila nayo ina ya kwake. Wino unaotumika kusafisha hedi, kile kichwa kinachonyunyiza wino, unamwagwa kwenye sponji huko chini, na mashine inahesabu kichwani kwake. Hesabu ikitimia inawasha taa mbili nyekundu kwa kupokezana na inagoma, hata kama sponji bado linanyonya. Wateja wangu wengi wanaoniletea printa imekufa inakuwa ni hilo, nachomeka flashi nafuta hesabu nabadilisha sponji dakika ishirini mtu anaondoka anatabasamu. Msifute hesabu bila kubadilisha sponji lakini, wino utakuja kumwagika juu ya meza.

MbebaBoksi

Huku Minnesota wametutoa huko kote, wino wenyewe hununui, unakodi. Nilijiunga kwa ajili ya karatasi za shule za watoto, nalipa kwa mwezi kwa idadi ya kurasa na katriji zinakuja kwa posta, nikaona nimewini. Benki ikanibadilishia kadi, nikasahau kuwapa namba mpya. Siku hiyo nataka kuprinti karatasi moja ya uhamiaji, MOJA, printa inaniambia malipo yako hayajapita kwahiyo hutaprinti. Katriji ziko humo ndani, zimejaa! Nikaenda maktaba nikaprinti kwa senti 10.

Na sheria ya huku ilishasemaga. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya printa ya Lexmark, waliokuwa wanataka kutumia hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kuwazuia watu wanaookota makatriji yao matupu na kuyajaza upya. Mahakama ikasema ukishauza umeuza, haki yako ya hataza juu ya kitu kile imeishia pale. Ila mahakama haikai ndani ya printa, chipu ndo inakaa.

MwalimuZamu

Hiyo ya kukodi wino msiitaje kwa sauti, mhasibu wetu atasikia.

KopiMiaMoja

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

FundiWaRola ubarikiwe. Lile ganda la kwanza nilikuwa nalo bila kujua, lilikuwa linazuia mlango wa stoo usijifunge, limejaa vumbi na mjusi ametaga humo. Nikafanya ulivyonielekeza inbox, nikabandua chipu yake kwa wembe taratibu kama natoa mwiba, nikabandua na ya kwenye tona ya Kariakoo, nikapandikiza ile ya zamani na supagluu. Mara ya kwanza ikakataa, nikaiangalia kwa tochi ya simu nikaona imekaa pembeni kidogo kama unene wa unywele tu, nikabandua tena nikapanga upya. Taa ya kijani! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia.

Sasa kwa vile chipu ni ya lile ganda tupu, mashine inaamini tona imeisha. Toka Jumatano inaniambia tona imeisha kabisa badilisha mara moja, mi nabonyeza endelea, nimeshatoa rimu mbili na nusu na herufi ziko nyeusi tii. Kujua imeisha kweli itabidi nitumie macho. Apdeti nimezima kwenye seting, wai-fai ya printa nimeitoa, natumia waya.

Mdogo wangu kanipigia muda huu, sendoff imesogezwa wiki mbili mbele kwahiyo kadi zote zina tarehe ya zamani, anakuja Jumapili kuprinti upya. Nywila ya wai-fai nimeshaibadilisha.