Mkaa wa mikebe na chumba chenye unyevu msimu wa kusi: naomba ushauri

Binti Mkomani, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naleta suala ambalo limenishinda kulimaliza peke yangu. Ninaishi na mamangu, ambaye ana umri wa miaka 76, pamoja na kaka yangu na wanawe watatu, katika nyumba ya mawe waliyotuachia wazee wetu hapa Mkomani. Kaka yangu ni mvuvi. Tangu kusi ianze kuvuma bahari imechafuka, wakati mwingine wiki nzima mashua haitoki, na pesa inayoingia nyumbani inakuwa ile ya mahamri ninayouza asubuhi. Msimu huo huo ndio mkaa hupanda bei, kwa sababu njia za bara huharibika kwa mvua na magunia huvuka kutoka Mokowe kwa taabu.

Sisi hununua mkaa kwa mkebe. Mkebe mmoja ni shilingi 100, nasi hutumia miwili kwa siku, kwa hiyo kila mwezi zinatutoka shilingi 6,000. Wiki iliyopita nilisimama dukani nikawa sina budi kuchagua kati ya mkebe wa pili na kilo ya unga. Maharagwe tumeacha kuyapika, kwa maana sufuria moja hukaa motoni saa tatu.

Jambo la pili ni mamangu mwenyewe. Ukuta wa nyuma wa chumba chake una unyevu hadi usawa wa kifua, na usiku wa kipupwe hulalamikia baridi na kukohoa. Tumezoea kumwekea jiko chumbani baada ya kupika, makaa yakiwa bado mekundu, kisha tunarudisha mlango ili upepo usiingie. Juzi aliamka akiumwa na kichwa sana, akatapika. Je, kuna mwenye njia ya kupunguza gharama ya kupikia, na ya kumpa mzee joto bila kutumia zaidi ya tulichonacho?

Muuguzi mstaafu, Malindi

Wa alaykumu salaam. Dada, kabla ya hesabu yoyote, nakuomba usiku wa leo jiko hilo lisiingie chumbani. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na hutoka kwa wingi hata pale ambapo moshi hauonekani tena. Maumivu ya kichwa na kutapika baada ya kulala karibu na jiko ndizo dalili zake za mwanzo, na anayeendelea kulala humo huenda asiamke. Mpeleke mama kituo cha afya aangaliwe, nawe ueleze wazi kwamba alilala na jiko la mkaa chumbani mlango ukiwa umefungwa, maana asiyeambiwa anaweza kudhani ni malaria.

Kwa joto la usiku, chemsha maji wakati moto wa chakula cha jioni bado upo, uyatie katika chupa yenye kifuniko kinachobana, uiviringe kwa kitambaa kizito na uiweke miguuni pake. Mvalishe soksi, na umhamishie kitanda mbali na ukuta ule. Joto la usiku hapa pwani haliteremki sana. Kinachomtesa mzee ni unyevu pamoja na upepo.

Mama Lishe, Malindi

Nimepika kwa biashara miaka mingi, kwa hiyo naomba niseme juu ya mkebe, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inapopotelea. Mwaka jana nilinunua gunia kwa shilingi 2,800, nikakaa chini nikalipima kwa mkebe ule ule wa dukani. Ilitoka mikebe 46. Kwa bei ya shilingi 100, mkaa wa shilingi 2,800 ningeulipia shilingi 4,600 kama ningeununua kidogo kidogo. Mwenye pesa ya gunia hupika kwa bei nafuu, na asiyekuwa nayo ndiye anayelipa zaidi kila siku. Jambo hili limenikera siku nyingi.

Gesi nayo ni hivyo hivyo. Kilo moja ya gesi, ikitumiwa vizuri, huivisha chakula ambacho kingehitaji kilo tatu hadi nne za mkaa katika jiko la kawaida. Mtungi wa kilo 6 mimi huujaza kwa shilingi 1,400, na hesabu yangu hunionyesha kwamba gharama yake inakaribiana na mkaa wa gunia, lakini iko chini sana ya mkaa wa mikebe. Kinachowazuia watu ni ile pesa ya mwanzo ya mtungi na kichomeo. Serikali nayo imekuwa ikienda na kurudi: Julai 2021 gesi ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Mafuta ya taa, ambayo ndiyo yalikuwa kimbilio la mnyonge, yalitwishwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo wengi wamerudi kwenye mkaa.

Ushauri wangu ni kwamba muungane majirani wanne au watano, kila mmoja achange kila wiki, na kila mwezi mmoja wenu apate mtungi, kama tunavyofanya katika vyama vyetu vya vyombo na vitambaa. Wakati unasubiri zamu yako, nunueni gunia kwa pamoja mligawane. Maharagwe usiyaache: yaloweke usiku kucha, yachemshe nusu saa kwa moto mkali, kisha ufunike sufuria vizuri na uitie katika kapu la ukili lililojazwa mablanketi makuukuu pande zote. Baada ya muda wa saa nne utayakuta yameiva au yamebakiza kidogo, na utayachemsha tena ukiunga tui. Mimi sasa hutumia pia sufuria ya presha ya umeme. Mara ya mwisho nilipotazama mita, maharagwe yalitumia uniti 0.4 tu.

Mwanaamu, Leicester

Nimekulia Langoni na sasa ninaishi Uingereza, ambako jambo hili lina jina rasmi: umaskini wa nishati. Mtaalamu Brenda Boardman alilipa kipimo mwaka 1991, kwamba nyumba inayohitaji zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili ipate joto na nishati ya kutosha inahesabiwa kuwa katika umaskini huo. Dada, jipime mwenyewe kwa kipimo hicho katika miezi ya kusi. Tangu 2021 Uingereza yenyewe, yaani England, hutazama mambo mawili kwa pamoja, kipato kinachobaki baada ya gharama za makazi na nishati, na ubora wa nyumba katika kuhifadhi joto. Wenye kipato cha chini hupunguziwa pauni 150 katika bili ya umeme kila msimu wa baridi.

Maneno ya Mama Lishe juu ya mkebe yamenigusa, kwa sababu huku pia mkebe upo. Wenye mita za kulipia kabla, ambao wengi wao ni maskini, kwa miaka mingi walitozwa zaidi kuliko wanaolipa kupitia benki. Watu walipiga kelele hadi tofauti hiyo ikaanza kuondolewa Julai 2023. Huko kwetu Kenya, tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya umeme ni ya wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, ilhali kabla ya hapo kiwango kilikuwa uniti 100. Nyumba ya watu sita ikipikia umeme itauvuka mpaka huo upesi, na hili linafaa kusemwa mbele ya wawakilishi wetu kila wanapoita mkutano.

Fundi Chokaa, Lamu

Kuhusu ukuta: je, umepigwa lipu ya saruji? Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya maji na kuyaachia. Saruji huyafungia ndani, ukuta ukabaki baridi na chumvi ikaanza kuumenya. Bandua saruji, uache ukuta ukauke kaskazi nzima, ndipo upigwe chokaa. Pitia kwanza ofisi ya uhifadhi wa mji, kwa kuwa mji mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu 2001.

Binti Mkomani, Lamu

Allah awajaze kheri nyote. Mama ameangaliwa, kichwa kimetulia, na jiko sasa linabaki juu jikoni. Fundi, ni kweli, marehemu baba aliupiga ukuta ule saruji. Majirani watatu wamekubali tuanze kuchanga Ijumaa hii. Mama Lishe, naomba unieleze: kapu lako lina upana gani, na je, mablanketi unayatia chini ya sufuria pia?

Mama Lishe, Malindi

Chini ndiko uanze, mikunjo minne. Upana wa kapu uzidi sufuria kwa kiganja kimoja kila upande, na juu uweke mto.