Tupeane uzoefu: kompaila gani ya C umeiweka kwenye kompyuta yako ya nyumbani?

#1
Habari wakuu. Wadogo zetu wanaoanza kujifunza lugha ya programu ya C wanakwama kabla hata ya printf ya kwanza (amri ya kuandika kwenye skrini), kwa sababu kila wanayemuuliza anawaambia wapakue kompaila tofauti, yaani programu ya kugeuza msimbo wako kuwa programu inayoendeshwa. Naomba kila mmoja aseme anatumia nini nyumbani, kwenye mashine ya aina gani, na imemsaidiaje.

Mimi ni mtu wa kompaila ya GCC, juu ya Linux Mint. Mradi huu ulianzishwa na Richard Stallman, toleo la kwanza likatoka 1987, na mpaka leo ni bure. Ukiandika sudo apt install build-essential unapata kompaila, make na vingine vya msingi kwa mkupuo mmoja. Kazini tuna Windows, huko nimeweka MinGW-w64 kupitia MSYS2, nayo ni GCC ileile.

#2
Mkuu umegusa penyewe. Chuo nilichosoma kilitufundishia Turbo C, ile ya Borland yenye skrini ya bluu. Tukapewa zoezi la faktoria: ya 7 ikatoka 5040, safi kabisa. Ya 8 ikatoka -25216, wakati jibu ni 40320. Darasa zima likarudi kukagua hesabu, na hesabu haikuwa na tatizo. Turbo C ni ya enzi za DOS, int yake (aina ya namba kamili) ni ya biti 16 na inaishia 32767. Nilipoipeleka programu ileile kwenye GCC nyumbani, jibu likatoka sahihi, ila nikalazimika kufuta conio.h na clrscr() (ya kufuta skrini) kwa kuwa hazimo kwenye C sanifu. Windows za biti 64 haziwezi kuiendesha Turbo C mpaka uweke DOSBox, programu inayoiga DOS. Inaniuma sana kuona kijana wa leo bado anaanzishiwa huko.

#3
Mimi mashine yangu ni ya zamani, RAM ndogo, diski imejaa. Natumia kompaila ndogo ya TCC ya Fabrice Bellard, yule Mfaransa aliyeanzisha pia FFmpeg na QEMU. Ni ndogo mno na inakompaili haraka ajabu. Unaandika tcc -run hesabu.c, programu inaenda palepale bila kuacha faili la exe. Kwa mazoezi inanitosha. Programu zake hazina kasi kama za GCC, na maonyo yake ni machache.

#4
Visual Studio Community jamani, msiisahau. Ni bure kwa mtu binafsi, na debaga yake sijaona mpinzani: unasimamisha programu kwenye mstari unaoutaka na kuona kila kigeu kina nini. Ila jiandaeni na bando, ni gigabaiti kadhaa. Pia inamsumbua anayeanza, maana scanf ya kawaida (ya kusoma anachoandika mtumiaji) inaikataa na kumtaka aandike scanf_s. Akibeba kazi hiyo kwenda kwenye Linux, scanf_s haipo.

#5
Kwa asiye na kompyuta kabisa: Termux (terminali ya kuandikia amri) kwenye simu ya Android, kisha pkg install clang, yaani kompaila nyingine ya C iitwayo Clang. Nimemfundisha mdogo wangu hivyo, mpaka poynta (vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu) kazielewa. Kibodi ya simu inachosha, ukipata ya Bluetooth ni nafuu kubwa.

#6
Na wenye Mac mjue kwamba mkiandika gcc pale kwenye terminali, inayofanya kazi ni Clang. Inapatikana kwa xcode-select --install, bila kupakua Xcode nzima. Maelezo yake ya makosa yanasomeka vizuri sana.

#1
Asanteni sana wakuu. Kwa haya yote, anayeanza bado namwambia GCC au Clang, kwa sababu alichojifunza kitamfuata kwenye mashine yoyote. Mwenye mashine dhaifu amsikilize #3. Ila nawaomba wote msikompaili bila -Wall -Wextra, swichi za kuwasha maonyo ya kompaila. Mtu akiandika if (x = 5) badala ya if (x == 5), C inakubali, x inageuka 5 na sharti linakuwa kweli daima. Ukiweka -Wall unaonywa hapohapo na namba ya mstari unapewa. Kwa poynta na safu, ongezeni -g -fsanitize=address mkiwa Linux au Mac: ukisoma nje ya safu, programu inasimama na kukuonyesha mahali penyewe.

#7
Mkuu, hiyo ya sanitize kwenye MinGW yangu ya kawaida imegoma, linka (inayounganisha vipande vya programu) haiioni maktaba yake. Nimeweka WSL, yaani Linux ndani ya Windows, humo ndani GCC imeikubali.