Karatasi inasema 2, lakini mume wangu si wa 2

MamaSalha_Tanga
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mume wangu ni fundi seremala, ana miaka 46. Mwezi wa tatu alifanyiwa upasuaji Dar kuondoa uvimbe kwenye ubongo, mbele upande wa kushoto, kisha akapigwa mionzi wiki sita. Sasa anatumia deksamethasoni, dawa ya kutuliza kuvimba kwa ubongo, ambayo wameanza kuipunguza, na levetirasetamu ya kuzuia kifafa.

Kliniki iliyopita alipewa karatasi yenye picha ya kipimajoto, 0 chini na 10 juu, aonyeshe wiki ile amesumbuka kiasi gani. Akazungushia 2. Karatasi ikaingia kwenye faili, tukatoka. Hata dakika tano hazikufika.

Ninayeishi naye si mtu wa 2. Tangu alfajiri mpaka adhuhuri yuko barazani anatazama ukuta. Randa yake imeshika vumbi. Saa nane usiku yuko macho. Juzi alimrushia binti yetu bakuli la uji, na katika miaka 19 ya ndoa sijawahi kumsikia akimpandishia mtoto sauti. Wifi zangu wanasema amerogwa. Mimi sijui kama ni huzuni, ni dawa, au ni ubongo wenyewe. Naombeni mwenye kujua anisaidie, nimechoka kulia jikoni.

Muuguzi_Moshi
Wa aleikum salaam dada, pole sana. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Yote matatu yanaweza kuwepo kwa pamoja, na ndiyo maana namba moja haitoshi.

Deksamethasoni hufukuza usingizi na kuvuruga hisia. Muulize daktari kama dozi ya jioni inaweza kuhamishiwa asubuhi. Levetirasetamu huwaletea baadhi ya watu hasira za ghafla. Na ubongo wa mbele ndio unaompa mtu msukumo wa kuanza jambo. Ukiguswa, anaweza kukaa kimya kutwa wala moyoni hana huzuni. Angalia: akija mtu anayempenda, uso unafunguka? Anajiita mzigo, anajilaumu? Lakini msiache dawa yoyote ghafla. Ile ya kifafa mkiikata anaweza kuanguka, na deksamethasoni mwili umeshaizoea.

Kipimajoto kile ni cha kuchuja tu, yaani kuonyesha nani aulizwe zaidi. Kwa wagonjwa wa saratani kwa jumla, 4 kwenda juu ni ishara ya kumkalisha mtu na kumsikiliza. Kwa wenye uvimbe wa ubongo kuna watafiti wa Ujerumani waliopendekeza 6. Lipo pia dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla ya alama 27, na kuanzia 10 tunafuatilia. Ila humo mna usingizi, uchovu na hamu ya kula, vitu ambavyo mionzi na dawa navyo huvivuruga. Kwa hiyo mimi huyakazia macho zaidi maswali ya kukosa raha, kujiona hufai, na lile la tisa, la kutamani kufa. Hilo muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na alipokuwa anajaza ile karatasi, wewe ulikuwa wapi?

BinKisauni
Dada, mamangu alipitia hayo hayo. Nilikuwa naandika kwenye daftari saa ya kumeza dawa na saa ya hasira, daktari akaliona, akambadilishia dawa ya kifafa polepole. Hasira zikapungua. Kulia hakukuisha. Kile kilikuwa kilio chake mwenyewe, na alihitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza. Anza daftari leo.

MamaSalha_Tanga
Ahsanteni sana. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, karatasi nimemshikia mimi.

Jana baada ya Isha nimewapeleka watoto kwa bibi yao. Maneno yanampotea, kwa hiyo nilimuuliza ya ndiyo na hapana. Nikamchorea kile kipimajoto. Akasema, "Sina homa." Kumbe na siku ile alidhani anaulizwa homa.

Nikachora ngazi ya vipago kumi, vitu anavyovijua. Nikamwambia, ukiwa chini moyo umetulia, ukiwa juu kabisa umeelemewa. Akaweka kidole kipago cha nane. La kufa nikamuuliza vilevile ulivyosema. Akatikisa kichwa, hapana. Kisha akasema "kazi" mara mbili, akanyanyua mkono wa kulia, ule usiokamata vizuri tangu upasuaji. Akalia, nami nikalia naye.

Kliniki ni Jumatano. Naenda na daftari na ile ngazi, na nitaomba wazungumze naye mimi nikiwa nje.

Muuguzi_Moshi
Nane ni kubwa dada. Likibadilika jibu la kufa, usingoje Jumatano. Waombe pia mtaalamu wa mazoezi auone huo mkono, maana huko ndiko alikokuonyesha. Na waambie hiyo ya "sina homa" neno kwa neno. Nimewapa wagonjwa karatasi ile miaka sita sasa, sijawahi kumuuliza hata mmoja ameielewaje ile picha. Kesho naanza kuuliza.