Pikipiki imezama Luiche, kiki haishuki. Nianzie wapi?

Mpiga_Kasia:
Wakuu, habari za leo. Nina pikipiki ndefu ya porini, ya Kichina, injini ya CG 125, ya kabureta. Jana jioni ilizama Mto Luiche, huku kwenye mashamba ya mpunga nje ya Ujiji. Ilizama ikiunguruma, ikazimikia humo humo, ikakaa kama saa moja. Leo kiki ni ngumu, haishuki hata robo. Kuna kijana anasema tuisukume kwa gia ya pili itawaka. Nimsikilize?

Fundi_Mwanga:
Usimsikilize, mkuu. Silinda ina maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Ukiisukuma kwenye gia, uzito wote unaishia kwenye konrodi, ile fimbo inayobeba pistoni, inapinda.

Funga koki ya mafuta, zima swichi, chomoa betri. Toa plagi kwa spana 18. Ilaze ubavu tundu la plagi litazame chini, weka gia ya juu kabisa, kisha zungusha tairi la nyuma kwa mkono, polepole. Uso wako usiwe mbele ya tundu. Maji yakiisha ndipo ujaribu kiki, plagi ikiwa bado nje. Ikishuka laini hadi mwisho, umepona nusu. Ikigota mahali pale pale kila mara, acha hapo hapo.

Isimamishe pia kwa tairi la nyuma, bomba la moshi litoe maji yake. Na kama huiwashi leo, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha mara chache. Silinda ya CG ni ya chuma, ringi za pistoni zinagandia kutu upesi sana.

Kuzama ikiwa inaunguruma ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko tope la mtoni. Injini iliyozimwa huingiza maji taratibu; inayozunguka huyavuta yote kwa mpigo. Ikiwaka halafu igonge chini au ikose nguvu, konrodi imepinda, usiendelee kuitembeza.

Spea_za_Tabora:
Kwenye oili: fungua nati ya chini kabla hujawasha. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yatatangulia, kisha itafuata oili ya rangi ya chai ya maziwa. Iache ichuruzike saa nzima. Chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili. Teleza tupu, sawa. Ukisikia chenga, hiyo ni habari nyingine.

Mpiga_Kasia:
Asanteni. Kiki sasa inashuka vizuri. Ila oili ina chenga kabisa, kama unga wa dona. Nimeambiwa nijaze dizeli nusu lita, niwashe dakika mbili isafishe.

Spea_za_Tabora:
Dizeli ya kuwashia hapana, kaka. Ni nyepesi, inaondoa utando wa oili kwenye beringi huku chenga zikisaga. Kuoshea kava lililofunguliwa sina ubishi.

Kwa chenga, fungua kava la kulia, upande wa klachi. Humo kuna kikombe cha chujio kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni. Utakuta tope limeganda kama ugali. Likwangue, osha na wavu wa chini, weka gesketi mpya. Fungua na kichwa, uone kama silinda ina mikwaruzo.

Ukishafunga, weka oili ya bei nafuu 20W-50, kama lita 1. Kijiti cha kupimia usikikaze, kiingize tu. Washa dakika tano bila kuvuta mafuta, mwaga. Rudia mpaka itoke safi, kwa kawaida mara mbili au tatu. Ya mwisho ndiyo iwe nzuri, yenye alama ya JASO MA, maana klachi inaogelea humo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Baada ya kilomita 100 badilisha tena.

Kibirizi:
Tangi mwaga lote kwenye chupa nyeupe. Maji yatajitenga chini. Usijaribu kuokoa petroli kwa kuikadiria macho. Kabureta, toa jeti zote mbili, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli. Watu huzitoboa kwa waya, tundu likapanuka, pikipiki ikaanza kunywa mafuta. Tumia uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, huku kwetu haukosekani. Sponji ya hewa ioshe kwa sabuni, ikauke, ilowanishe oili na uikamue; kama ni ya karatasi, tupa.

CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche ya plagi, mara nyingi hupona, imefunikwa utomvu mgumu. Kinachosumbua ni soketi: chomoa moja moja, puliza, kausha juani. Plagi D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7.

Ikiwaka itatoa moshi mweupe dakika kadhaa. Ni maji ya bomba yanayochemka. Moshi ukigeuka wa bluu, inaunguza oili, huenda ringi zimegandia.