Naomba ushauri: rangi ya ndani yenye kemikali kidogo kwa chumba cha mtoto mchanga

Baba Mtarajiwa

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza baada ya miezi mitatu hivi, na chumba atakacholala kinahitaji kupakwa rangi upya. Mke wangu ana pumu. Tulipopaka sebule mwaka jana, fundi alitumia rangi ya mafuta aliyoichanganya na thina, na kwa siku tano mke wangu alishindwa kulala nyumbani kwa sababu kifua kilimbana kila mlango ulipofungwa. Sitaki jambo hilo lijirudie, hasa katika hali aliyo nayo sasa.

Dukani nimeoneshwa makopo mawili. La kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina harufu, lakini nimeligeuza pande zote bila kuona popote kiasi cha VOC, yaani zile kemikali za rangi zinazogeuka kuwa mvuke. La pili lina maandishi ya VOC gramu 30 kwa lita. Tungependa ukuta mmoja uwe wa kijani kilichokolea. Kuta zenyewe zina rangi ya zamani inayong'aa ambayo sijui ni ya aina gani, kwa kuwa nyumba tuliikuta hivyo, na kwenye pembe ya chini karibu na dirisha kuna madoa meusi ya ukungu. Je, nichukue kopo lipi, na je, kuna jambo ninalolisahau?

Mwalimu wa Kemia

Hongera, ndugu. Nianze na kopo la kwanza: harufu si kipimo. VOC ni viambata vya kaboni vinavyogeuka kuwa mvuke katika joto la kawaida la chumba. Vingine pua huvitambua mara moja, vingine hupita bila kunuswa, na rangi inaweza kutiwa manukato ili kufunika harufu ya kilichomo. Maneno "haina harufu" hayajakueleza lolote kuhusu hewa utakayovuta.

Kopo la pili ulisome tena kwa utulivu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2010, rangi ya ndani isiyong'aa ya kuta na dari hairuhusiwi kuzidi gramu 30 za VOC kwa lita, na sheria hiyo inataka kopo lionyeshe namba mbili: kikomo cha kundi la rangi hiyo, na kiasi cha juu kilichomo ndani ya kopo lenyewe. Wanunuzi wengi husoma ya kwanza wakadhani ndiyo ya pili. Ukiona herufi kuanzia A+ hadi C, huo ni utaratibu wa Ufaransa, nao huangalia mvuke unaotoka kwenye rangi baada ya kupakwa badala ya kiasi kilichomo koponi. Binafsi naupenda zaidi, kwa sababu mapafu hukutana na hewa ya chumba, hayakutani na kopo.

Kuhusu kijani kilichokolea, kipimo cha rangi nyeupe kabla ya kukolezwa hakitoshi. Rangi nzito huhitaji kikolezo kingi, na vikolezo vya aina ya zamani hubeba VOC zao. Muulize muuzaji kiasi kitakachokuwamo baada ya kukoleza.

Fundi Rangi

Mwalimu amesema kweli, lakini mimi ningeanza na ukuta. Chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti na usugue mahali padogo kwa nguvu. Rangi ya maji hulainika na kuacha doa kwenye kitambaa; rangi ya mafuta haitikisiki. Ikiwa ni ya mafuta na nyumba ni ya zamani, tafadhali usiguse msasa mpaka ujue kama ina madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na zipo nchi zilizochelewa zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na vumbi la msasa mkavu ndilo njia rahisi zaidi ya kuifikisha risasi kwa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Peleka kipande cha rangi hiyo maabara. Mkeo asiwepo wakati wa kukibandua.

Ukungu nao usifunikwe kwa rangi. Bandika kipande cha nailoni kwenye pembe hiyo, uzibe kingo zote kwa utepe, kisha kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni hewa nzito isiyopata pa kutokea. Tiba zake ni tofauti kabisa.

Mama wa Watatu

Ndugu yangu, naomba niongeze jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Tulipaka chumba cha mwanangu wa pili rangi ya maji yenye VOC kidogo sana, na bado kope zangu zilivimba na kuwasha kila nilipoingia humo kumnyonyesha. Daktari wa ngozi alinipima akagundua nina mzio wa isothiazolinoni, vihifadhi vinavyotiwa kwenye rangi nyingi za maji ili zisioze koponi. Kama mmoja wenu ana mzio huo, mwulizie muuzaji rangi ya silikati au chokaa, kwani ukali wa asili wa rangi hizo huzuia vijidudu na hazihitaji vihifadhi.

Baba Mtarajiwa

Nawashukuru sana. Nimerudi dukani, na kumbe nilikuwa nimesoma kikomo. Mstari wa chini yake, kwa maandishi madogo mno, unasema rangi yenyewe ina gramu 8 kwa lita. Kuhusu ukuta, nilisugua hadi mkono ukachoka na kitambaa kikabaki cheupe, kwa hiyo ni rangi ya mafuta. Kipande nimekwisha kukipeleka maabara. Matone kwenye nailoni yalikuwa upande wa chumbani. Hakuna mwenye mzio kati yetu tunaoujua, lakini je, ningeweza kutumia chokaa ili kujihadhari?

Fundi Rangi

Juu ya rangi ya mafuta, hapana. Chokaa na silikati hushikana na plasta inayokunywa maji. Ukiurushia ukuta wako maji yatateleza tu, na chokaa nayo itabanduka kama maganda. Tumia rangi ya maji uliyoiona, juu ya praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya maji inayoshika kwenye kuta zinazong'aa, na usome VOC za praima hiyo pia, maana watu huchagua rangi kwa makini kisha wakaweka chini yake praima ya thina. Majibu ya maabara yakiwa mazuri, piga msasa ukuta ukiwa umeloweshwa. Yakiwa mabaya, usipige msasa kabisa. Mwite fundi aliyefunzwa kazi ya risasi. Dirisha hilo lifunguliwe kila siku, na ukungu uoshwe kwa maji ya sabuni hadi doa liondoke, kwa sababu hata uliokufa humsumbua mwenye pumu.

Halafu paka mapema. Rangi ya maji hukauka mguso kwa saa chache, lakini kukomaa huchukua wiki mbili hadi nne, na muda wote huo bado inatoa mvuke. Godoro, mapazia na nguo za mtoto visiingie kwanza, kwani vitambaa huunyonya mvuke huo na kuuachia polepole.

Baba Mtarajiwa

Nimeelewa, Fundi. Tumeacha kijani kilichokolea, tumechukua hafifu, na muuzaji ametuonyesha kwa maandishi kwamba kikolezo chake hakina VOC. Mke wangu atakaa kwa dada yake kuanzia siku ya kuandaa ukuta. Hadi majibu ya maabara yatoke, chumba nimekifunga, na kitambaa kilicholowa nimekiweka chini ya mlango.