Programu ya kuhesabu maneno anayoambiwa mtoto? Nisaidieni

MamaLanet: Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, huku Lanet, na mwanangu ana miezi 13. Nimesoma kwamba huko Providence, Marekani, watoto walivalishwa kinasa sauti ndani ya fulana, kikahesabu maneno wanayoambiwa kutwa. Je, kuna programu ya simu ya kufanya hivyo? Silali.

FundiKondele: Mradi ule ulipata dola milioni 5 za shindano la miji la taasisi ya hisani ya Bloomberg mwaka 2013. Kidude chenyewe ni LENA, kinanasa hadi saa 16. Hakielewi maneno, kinakadiria idadi tu. Simu si kazi yake. Juzi nimefungua moja iliyozama kwenye uji wa wimbi, hadi leo duka linanuka ugali.

NesiMstaafu: Mama, idadi si hoja sana. Hoja ni zamu. Akisema "ba", mjibu, kisha nyamaza umngoje. Video nazo ziache, WHO, Shirika la Afya Duniani, ilisema mwaka 2019 walio chini ya miaka 2 wasiwekewe skrini. Anashinda na nani?

MamaLanet: Na mtu wa nyumbani tu. Naomba jina la programu.

BabuWaKibuye: Sisi tulilelewa na kuku na mbuzi, na niliongea mapema mpaka mama akajuta.

NesiMstaafu: Mtu gani wa nyumbani?

MamaLanet: Mama mkwe, ametoka Webuye. Mimi natoka saa 11 alfajiri, nikirudi mtoto amelala. Neno lake la kwanza ni "kukhu", yaani bibi. Si mama, ni kukhu! Na ni Kibukusu kutwa nzima.

NesiMstaafu: Kibukusu hakimdhuru. Wewe una wivu, si wasiwasi.

FundiKondele: Na huyo mama anajua atarekodiwa?

MamaLanet: Simu kuukuu nilishaishonea mfuko kwenye fulana tangu Jumatatu. Naisikiliza usiku chini ya blanketi. Sio upelelezi jamani, ni utafiti. Nimebakiza programu tu.

NesiMstaafu: Betri inapata moto kwenye kifua cha mtoto! Itoe leo.

BabuWaKibuye: Mkwe kurekodiwa. Kwetu ungelipa mbuzi.

MzeeShabab: Nyote mmeingizwa mjini. Bibi anamwogesha mtoto, anambadilisha nguo, na kwa siku nne hajaona simu iliyoshonwa? Hadithi ya kutunga hii. Na betri gani hiyo ya kuukuu inayokaa kutwa?

FundiKondele: Hapo kwa betri umenena.

MamaLanet: Inakata saa 6 mchana. Jana haikukata. Kumbe ameiweka kwenye chaji. Nimesikia sufuria ikifunikwa, halafu yeye mwenyewe, karibu kabisa na simu: "Mama, nimekuachia mrenda. Mtoto ameita mama mara mbili, alipoona leso yako kwenye kamba." Halafu akaendelea kumwimbia. Sijui kesho nimsalimie vipi.

NesiMstaafu: Kesho ni Jumamosi. Kaa naye jikoni.

MzeeShabab: Bado siamini. Huo mrenda ulichanganywa na nini?

MamaLanet: Kunde.

MzeeShabab: Haya. Fulana umeshaifumua?